Upimaji wa mauzo ya muziki nchini Tanzania

Upimaji wa mauzo ya muziki nchini Tanzania ni jumla ya njia zilizotumika, na zinazotumika hadi leo, kuhesabu nakala za nyimbo na albamu zilizouzwa pamoja na mara ambazo nyimbo husikilizwa redioni, kwenye simu na mtandaoni. Hesabu hizo ndizo huamua msanii alipwe kiasi gani. Ndizo pia hutajwa magazetini watu wanaposema kwamba albamu fulani imevunja rekodi.

Tofauti na Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, Tanzania haina chombo kinachotoa vyeti vya "dhahabu" au "platinamu" kwa albamu zilizouzwa sana. Kwa sababu hiyo, takwimu nyingi za mauzo ya muziki wa Tanzania zimetoka kwa wasambazaji, kwa wasanii wenyewe au kwa kampuni za simu na za mtandao. Kila mmoja kati ya hao alihesabu kile kilichomhusu. Anayesoma takwimu ya namna hii aulize kwanza ni nani aliyehesabu, halafu alihesabu nini.

Nini kinahesabiwa

Neno "mauzo" hutumika kwa mambo manne yaliyo tofauti. La kwanza ni nakala zilizotengenezwa kiwandani. La pili ni nakala zilizopelekwa madukani. La tatu ni nakala zilizonunuliwa na wateja. La nne, ambalo limekuja na intaneti, ni mara ambazo wimbo umesikilizwa bila mtu yeyote kununua nakala.

Albamu inaweza kutengenezwa nakala 10,000, zikapelekwa dukani 8,000 na zikanunuliwa 5,000, huku zile 3,000 zikirudishwa kwa msambazaji. Msanii akisema "nimeuza 10,000" hakusema uongo mtupu, ila ametaja namba ya kiwanda. Chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani (RIAA), kinachotoa vyeti vya dhahabu tangu mwaka 1958, kwa miaka mingi kilihesabu nakala zilizopelekwa madukani baada ya kutoa zilizorudishwa. Hakikuhesabu nakala zilizopita mikononi mwa wateja.

Enzi ya santuri

Takwimu ya zamani inayotajwa sana katika muziki wa Kiswahili inamhusu Siti binti Saad wa Zanzibar. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, Uhindi, kurekodi taarabu kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Wanahistoria hutaja kwamba kufikia mwaka 1931 santuri za kundi lake zilikuwa zimeuzwa takribani nakala 72,000. Namba hiyo imebaki kwa sababu kampuni iliyotengeneza santuri ndiyo iliyozisafirisha na kuziandika vitabuni. Santuri haikuweza kunakiliwa nyumbani, kwa hiyo kila nakala ilitoka kiwandani na kila nakala iliacha karatasi nyuma yake.

Hata hivyo, kitabu cha kampuni kilihesabu sahani tu. Gramofoni moja mkahawani ilisikilizwa na umati, na wengi waliozijua nyimbo za Siti hawakuwahi kumiliki santuri yake hata moja.

Baada ya uhuru hali ilikuwa ngumu zaidi kwa bendi za Tanzania Bara. Nyimbo nyingi za dansi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), lakini nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Kanda za kurekodia zilipelekwa Nairobi, ambako viwanda vilizigeuza kuwa santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Hesabu ya mauzo nayo ilibaki Nairobi. Bendi ya mkoani kama Mara Jazz ya Musoma iliweza kusikika redioni nchi nzima, lakini mwenye vitabu vya mauzo alikuwa ng'ambo ya mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Ukiwa umefungwa, mwanamuziki wa Musoma asingeweza kwenda Nairobi kuuliza hesabu zake, ingawa Sirari si mbali na nyumbani kwake.

Kwa upande wa Kenya, wimbo "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa hutajwa kuuza nakala zaidi ya 200,000 katika miaka ya 1980. Afrika Magharibi, "Sweet Mother" wa Prince Nico Mbarga (1976) hutajwa kuuza nakala milioni 13. Namba zote mbili hurudiwa mara kwa mara. Lakini ile ya pili inajumlisha nchi nyingi ambazo kanda bandia zilikuwa nyingi kuliko halali, kwa hiyo isomwe kama kadirio la umaarufu wa wimbo. Si hesabu ya duka.

Kadi za salamu

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 RTD ndiyo iliyokuwa redio pekee Tanzania Bara. Kipimo cha umaarufu wa wimbo kilikuwa barua za wasikilizaji na kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya ndugu na marafiki anaowasalimu, akataja wimbo anaouomba, akaiposti. Wimbo uliopata kadi nyingi ulipigwa mara nyingi zaidi. Upimaji huu ulikuwa na kasoro zake, maana wasalimiaji maarufu walituma kadi kwa mafungu na mtu mmoja aliweza kuonekana kama kijiji kizima. Pamoja na hayo ulifika hadi vijijini, jambo ambalo maduka ya santuri hayakuweza.

Kadi hizo hazikumletea mwanamuziki fedha. Bendi ilipata malipo madogo ya kurekodi, na wimbo ukipigwa mara elfu moja baada ya hapo hakuna kilichoongezeka.

Enzi ya kanda

Kaseti ilibadilisha kila kitu, kwa sababu ilikuwa chombo cha kwanza ambacho mnunuzi aliweza kukinakili mwenyewe. Redio kaseti yenye milango miwili ilitosha. Ndipo hesabu ya mauzo ya muziki ilipopotea, na kwa kiasi kikubwa haijapatikana tena.

Bongo Flava ilianza kuuzwa katika enzi hii. Albamu za mwanzo, kama vile Ni Mimi ya Mr. II (1995), zilitoka kwa kanda. Msanii alirekodi studio, akapata "masta", yaani kanda mama, kisha akaipeleka kwa msambazaji, mara nyingi Kariakoo jijini Dar es Salaam. Wasambazaji wakubwa walikuwa wachache, na ndio waliokuwa na mashine za kunakili na njia za kupeleka mzigo mikoani.

Makubaliano yalikuwa ya aina mbili. Katika aina ya kwanza, msambazaji alinunua masta kwa fedha za mara moja. Msanii aliondoka na fedha yake, na idadi ya nakala zilizouzwa baadaye haikumhusu tena. Katika aina ya pili, msanii alilipwa kiasi fulani kwa kila kanda iliyouzwa. Aina hii ilionekana ya haki zaidi, lakini ilitegemea jambo moja: aliyetengeneza kanda ndiye pia aliyezihesabu. Msanii aliyeambiwa kwamba zimeuzwa kanda 20,000 hakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba hazikuwa 60,000. Ndiyo sababu wasanii wengi walichagua fedha za mkupuo, hata walipojua kwamba huenda wanapunjwa. Wengi huwalaumu kwa kutojua biashara, lakini kwa mtu asiyeweza kuona kitabu cha hesabu uamuzi huo ulikuwa na mantiki.

Huko mikoani kulikuwa na mnyororo mwingine. Kanda moja halali ilifika mjini, ikanakiliwa, na nakala zake zikaenda minadani na magulioni. Msambazaji wa Dar es Salaam naye hakuzijua nakala hizo. Kwa hiyo hata kitabu chake, kama kingeandikwa kwa uaminifu wote, kisingeonyesha ni watu wangapi waliokuwa na albamu.

Stika na stempu

Bunge lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo chini yake kilianzishwa Chama cha Hakimiliki Tanzania (COSOTA), ambacho sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Mojawapo ya hatua zake ilikuwa stika maalumu iliyoitwa hakigramu, iliyobandikwa kwenye kila kanda au CD halali. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) nayo ilianza kutumia stempu za kodi kwa bidhaa za muziki na filamu.

Stika ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ilimsaidia mnunuzi kutambua nakala halali, na ilimpa msanii njia ya kuhesabu: kama zimetolewa stika 15,000 kwa albamu yake, basi nakala halali haziwezi kuzidi hapo. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa tatu, asiye msanii wala msambazaji, kushika hesabu. Udhaifu wake ni kwamba ilihesabu nakala za mtu mwaminifu pekee. Asiyenunua stika hakuhesabiwa popote. Isitoshe, stempu za kodi zilikuja wakati CD zenyewe zinaondoka sokoni na watu wakihamia kwenye simu.

Miito ya simu

Katika miaka ya 2000 na 2010 kampuni za simu zilianza kuuza nyimbo kama miito, yaani wimbo anaousikia mpigaji wakati anasubiri simu ipokelewe. Kwa wasanii wengi wa Afrika Mashariki miito ililipa kuliko CD. Nchini Kenya huduma ya Skiza ya Safaricom, iliyoanza mwaka 2009, ilikuwa chanzo kikuu cha mapato kwa waimbaji wa Injili na wa lugha za asili.

Kiufundi hapa hesabu ilikuwa kamili, kwa sababu kila mteja aliyejiunga alikatwa fedha na mashine ikaandika. Tatizo lilikuwa nani anaiona hesabu hiyo. Kati ya msanii na kampuni ya simu kulikuwa na kampuni ya tatu iliyokusanya nyimbo, nayo ilichukua sehemu yake. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wasanii AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito bila idhini. Shauri hilo baadaye lilipelekwa mahakama za juu, lakini liliwaonyesha wasanii wengi kwa mara ya kwanza ukubwa wa fedha zilizokuwa zikizungumzwa. Kenya ilichagua njia ya sheria: marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yaliweka sehemu ya msanii katika mapato ya miito kuwa isiyopungua asilimia 52.

Kipimo cha kimataifa

Marekani ilipitia matatizo yanayofanana na haya kabla ya kupata mashine. Hadi mwaka 1991 jarida la Billboard lilipanga chati ya albamu kwa kuuliza maduka ni zipi zinazotoka sana, na wauzaji walijibu kwa kumbukumbu zao au kwa upendeleo wao. Mwezi Mei mwaka huo lilianza kutumia mfumo wa SoundScan, uliosoma ile mistari myeusi kwenye jalada kila albamu ilipolipiwa. Kufikia Septemba, kundi la rap la N.W.A na mwimbaji wa muziki wa kantri Garth Brooks wote walikuwa wameshika namba moja. Wasikilizaji wao walikuwepo tangu zamani, ila hawakuwa wanahesabiwa ipasavyo.

Kusikiliza mtandaoni kulipoenea, ikabidi kutafuta namna ya kujumlisha vitu visivyofanana. Desemba 2014 Billboard ilianza kutumia kipimo kinachoitwa "kizio sawa na albamu", na RIAA ikafuata Februari 2016. Kanuni yao ilikuwa kwamba nyimbo 10 zilizopakuliwa kwa kulipiwa ni sawa na albamu moja, na nyimbo za albamu zikisikilizwa mtandaoni mara 1,500 pia ni sawa na albamu moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Albamu imeuzwa CD 300, nyimbo zake zimepakuliwa mara 2,000, na zimesikilizwa mtandaoni mara 450,000. CD zinabaki 300. Nyimbo 2,000 zikigawanywa kwa 10 ni 200. Mara 450,000 zikigawanywa kwa 1,500 ni 300. Jumla ni vizio 800, ingawa walionunua albamu yenyewe ni 300 tu.

Mwaka 2018 Billboard ilitenganisha msikilizaji anayelipia na asiyelipia. Kwa anayelipia zilihitajika mara 1,250 kupata kizio kimoja, na kwa anayesikiliza bure na matangazo zilihitajika 3,750. Katika mfano wetu, kama wasikilizaji wote wanalipia, mara 450,000 zinakuwa vizio 360. Kama wote wanasikiliza bure zinakuwa 120. Mwalimu wa hisabati anaweza kuligeuza hili kuwa zoezi la darasani la uwiano, na wanafunzi watalipenda kuliko bei za maembe.

Chati hizo huhesabu usikilizaji wa ndani ya Marekani. Msanii wa Tanzania mwenye mamilioni ya wasikilizaji Mwanza na Kigoma hataonekana humo kwa sababu ya hao.

Usikilizaji wa mtandaoni Tanzania

Mtandao wa Mkito ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuwauzia Watanzania nyimbo za kupakua. Mdundo, ulioanzia Kenya, na Boomplay, ulioanzia Nigeria mwaka 2015 kwenye simu za Tecno, uliwafikia wengi zaidi kwa sababu nyimbo ziliweza kupatikana bure pamoja na matangazo. Spotify ilitangaza kuingia Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika Februari 2021.

Lakini kipimo ambacho Mtanzania wa kawaida hukitaja ni idadi ya watazamaji wa YouTube. Mwaka 2020 Diamond Platnumz alifikisha jumla ya watazamaji bilioni moja katika chaneli yake, akatangazwa kuwa msanii wa kwanza wa Afrika Kusini mwa Sahara kufika hapo. Namba ya YouTube ina sifa moja ambayo kanda haikuwa nayo: kila mtu anaiona, msanii na shabiki kwa pamoja. Hata hivyo si namba ya watu. Mtu mmoja akitazama mara 20 anaweza kuhesabiwa mara nyingi, na video inaweza kusukumwa kwa matangazo ya kulipia. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 YouTube iliacha kuhesabu watazamaji waliotokana na matangazo ya kulipia katika rekodi zake za saa 24 za kwanza.

Fedha nazo hazifuati namba moja kwa moja. Kwa kawaida mitandao hukusanya mapato ya wasikilizaji, hutoa sehemu yake, kisha hugawa kilichobaki kulingana na sehemu ya kila wimbo katika usikilizaji wote. Mahali ambapo ada ya mwezi ni ndogo na wengi hawalipi, kusikilizwa mara moja huleta senti chache kuliko Ulaya.

Hatua hii imebadilisha pia maana ya albamu. Kwa miaka kadhaa baada ya kufa kwa CD wasanii wengi wa Bongo Flava walitoa nyimbo moja moja bila albamu. Albamu zilirudi, kama A Boy from Tandale ya Diamond (2018), Afro East ya Harmonize (2020) na Only One King ya Alikiba (2021), kwa sababu nyimbo nyingi zilizotolewa pamoja huleta usikilizaji mwingi kwa mkupuo.

Ili wimbo uhesabiwe mtandaoni lazima uwe na namba ya utambulisho iitwayo ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Wasanii wengi hupewa namba hiyo na kampuni ya kigeni inayowapandishia nyimbo, hivyo herufi za mwanzo zinaweza kuwa za nchi nyingine. Herufi hizo hazionyeshi uraia wa msanii.

Redio na mirabaha

Baada ya redio binafsi kuruhusiwa katika miaka ya 1990, swali la nani anapigwa mara ngapi likawa na thamani ya fedha. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii ambao nyimbo zao zilitumika redioni na kwenye televisheni. Marekebisho ya sheria ya mwaka huohuo yaliruhusu makundi ya wenye haki kuunda vyombo vyao vya kukusanya mirabaha. Baa, hoteli na mabasi pia hutakiwa kulipia leseni ya kupiga muziki, lakini huko hakuna anayeandika wimbo gani umepigwa.

Muziki usiohesabika

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, kama vile vya Bukima na kata jirani za Musoma Vijijini, Bunda na Butiama, sehemu kubwa ya muziki hupatikana kwa "kurushiwa nyimbo". Mwenye kibanda, ambaye mara nyingi ndiye pia anayechaji simu, ana kompyuta yenye maelfu ya nyimbo. Mteja huleta memori kadi au flashi, hulipa kidogo, na huondoka na nyimbo kadhaa za Bongo Flava, kwaya, rumba na za asili zikiwa zimechanganywa. Baadaye nyimbo hizo hupigwa kwenye sabufa nyumbani au mwaloni wakati wavuvi wanashona nyavu, na hupita simu hadi simu bila bando. Wimbo unaweza kupigwa mwaka mzima, na kwa hesabu zote zilizoelezwa hapo juu ukawa haujasikilizwa hata mara moja.

Bunge lilikubali kuwepo kwa jambo hili mwaka 2023 lilipopitisha tozo ya hakimiliki kwa vifaa vinavyoweza kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Tozo hukusanywa kifaa kinapoingizwa nchini au kutengenezwa, kabla hakijawekwa wimbo wowote. Kwa hiyo inakusanya fedha bila kusema ni za nani, na ugawaji wake unarudi kutegemea takwimu za redio na mtandao.

Wanaoathirika zaidi ni wanamuziki wa asili. Mpigaji wa ritungu wa Wakurya au kikundi cha ngoma cha Wajita hurekodiwa harusini kwa simu, bila ISRC wala usajili, na kazi yao huishi kwenye memori kadi. Hata wakipandisha wimbo mtandaoni wana kizingiti kingine: tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mirabaha kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12. Kwa wimbo wa Kijita ambao wasikilizaji wake wengi hawana bando, mara 1,000 ni nyingi.